Mama Mapengo hapandikizi tarehe meno

Kabla hajagusa karatasi yoyote, ananawa mikono kwa kipande cha sabuni, kisha anaikausha kidole kimoja kimoja, kama mkunga anayengojewa chumba cha pili. Karatasi ya zamani, anasema, haipendi maji, haipendi mafuta ya kujipaka, na haimpendi kabisa mtu mwenye haraka.

Ni asubuhi. Chumba anachofanyia kazi kiko nyuma ya ofisi ya ardhi, kimebanwa katikati ya choo cha wageni na stoo ya mafagio. Kina meza sita na kompyuta sita. Moja ya kompyuta hizo herufi yake ya A imefutika kabisa kwa kupigwa. Hiyo ndiyo yake.

Anafungua kitabu kikubwa kuliko mto wa kulalia, anainama mpaka pua inakaribia kugusa ukurasa, na kufuata mstari kwa macho bila kuutia kidole.

"Huyu siku anayo, mwezi anao," ananong'ona. "Mwaka hana. Pengo la nyuma."

Anachukua kipande cha karatasi ya njano, anakichomeka kwenye ukurasa, anaendelea na mstari unaofuata.

Kazi yenyewe ukiielezwa ni nyepesi. Vitabu vya zamani vya ardhi vinaingizwa kwenye mashine, mstari kwa mstari, ili mwananchi akija kuuliza kiwanja cha ukoo wake asiambiwe arudi kesho. Jina linaingizwa. Namba ya kiwanja inaingizwa. Tarehe ndiyo inayowatoa watu jasho.

Maana makarani wa zamani walikuwa na mambo yao. Mmoja aliandika "Jumanne" akatosheka, kana kwamba dunia nzima ingeikumbuka Jumanne ile. Mwingine aliandika mwaka mara moja tu, kwenye ukurasa wa kwanza, na kurasa zote zilizobaki akaweka siku na mwezi. Ukurasa wa kwanza nao ukachomoka, ukaenda zake. Yupo aliyependa kuandika "mwezi uliopita".

"Uliopita wa kwake," anasema mama huyu. "Wa kwangu mimi huo umepita mpaka umechoka kupita."

Chumbani humo wana lugha yao. Siku ikikosekana, hilo ni pengo la mbele. Mwezi ukikosekana, pengo la kati. Mwaka ukikosekana, pengo la nyuma. Mstari usio na siku, mwezi wala mwaka huitwa kibogoyo. Sheria yao wameiandika kwa kalamu nene na kuibandika juu ya swichi ya taa, mahali ambapo kila mtu lazima apaguse: HATUPANDIKIZI MENO.

Yeye mwenyewe wanamwita Mama Mapengo. Wageni hudhani jina limetokana na meno yake ya mbele, ambayo yameachana kidogo.

"Huu ni mwanya," anawasahihisha, na kucheka ili wauone vizuri. "Mwanya ni urembo. Pengo ni hasara."

Sheria ile ya kutopandikiza haikuletwa na upepo. Siku za mwanzo alikuja fundi matofali mmoja kutafuta kiwanja cha ukoo wao. Mashine ikamjibu kwamba babu yake alikinunua mwezi wa tatu, mwaka huu huu. Kumbe aliyeingiza mstari ule aliandika siku na mwezi tu, kwa sababu ndivyo alivyoviona kitabuni. Mashine, ilipoona mwaka haupo, ikajaza wa kwake.

Fundi matofali hakukasirika. Aliegemea kaunta, akasema, "Babu yangu alifariki baba akiwa bado ananyonya. Kama mwezi wa tatu alikuwa mjini ananunua viwanja, mngemwambia apite na nyumbani. Wajukuu wanamsikia tu."

Chumba kizima kilicheka, kasoro msimamizi, mama mmoja mwembamba aliyenyooka ambaye wote humwita Rula. Yeye alikwenda kumwita mtaalamu wa mashine. Tangu siku hiyo mashine ikafundishwa kuliacha pengo liwe pengo, na pembeni ikawekwa nafasi ya maelezo, mtu aandike anachokijua: ni baada ya siku fulani, au kabla ya siku fulani. Lakini asibahatishe.

Mama Mapengo aliingia katika ofisi hii akiwa na ndoo. Mume wake alikuwa amefariki, amemwachia mabinti watatu na nyumba ya ukoo aliyokuwa akikaa pamoja na wifi yake. Shule aliishia ya msingi. Alipewa kufagia na kupiga deki.

Siku moja Rula alimkuta amesimama na fagio mbele ya kitabu kilichoachwa wazi, midomo ikicheza.

"Unasoma nini?"

"Nasoma jina, mama. Nilitaka kujua kama shamba walilipata."

"Walilipata?"

"Sijafika. Umenikatiza."

Rula alivuta kiti, akampa. "Wengine hupewa kazi wakiwa wima," Mama Mapengo anasema leo, na machozi yanamlengalenga. "Mimi nilipewa kiti kwanza. Nikakaa, nikamaliza ukurasa wangu, ndipo nikapewa kazi."

Kupiga herufi hakujua. Binti yake mkubwa alimchorea vitufe vyote juu ya boksi la sabuni lililokunjuliwa, naye akawa anajizoeza jikoni huku maharage yakichemka. Boksi lile bado limebandikwa ukutani, lina doa la mafuta juu ya herufi P. Hakubali litupwe.

Malipo ni ya ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa mmoja hauzidi sana bei ya kiberiti. Wenye mapengo unakula muda mara tatu, lakini bei yake ni ile ile. Ndiyo maana mwenye haraka huona afadhali ajaze chochote asonge mbele. Na ndiyo maana simulizi hii inaandikwa, kwa sababu haraka ya namna hiyo ilibisha hodi mpaka mlangoni kwa Mama Mapengo mwenyewe.

Mwaka jana watu wa barabara walipita mtaani kwao na ndoo ya rangi nyekundu. Kila nyumba ya upande ule walichora X. Kitinda mimba wake, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alirudi, akasimama mbele ya ule ukuta, akauliza, "Mama, nyumba yetu imekosa nini?"

Mtoto anajua X ni ya daftari. Utamwambiaje kwamba safari hii waliosahihisha ni kamati ya barabara?

Masharti ya kamati yalikuwa haya. Barabara ile ilipimwa mwaka wa thelathini, wakati wa mababu. Aliyeandikishwa kiwanja kabla ya hapo, barabara itampisha. Aliyeandikishwa baada ya hapo, yeye ndiye atakayeipisha barabara, na atabomoa kwa mikono yake. Ushahidi ni kitabu cha ardhi.

Hapo ndipo Mama Mapengo alipoanza kuja kazini na hofu. Watoto watatu, ukuta wenye X, na vitabu vya enzi hizo viko mezani kwake, havijafikia nusu. Mzazi yeyote anaijua hofu hiyo. Unapika, unafua, unacheka na watu, na ndani unahesabu mabati.

Asubuhi moja alifungua ukurasa, akakutana na jina la babu wa marehemu mume wake. Namba ya kiwanja ni yenyewe. Tarehe 3, Agosti. Mwaka? Unyevu ulikuwa umeula ukingo wa ukurasa mpaka ndani, ukaondoka nao.

Chumba kile kina sheria ya pili: ukikutana na jina la kwenu, unanyanyua mkono na kupisha. Mstari ule ataumaliza mtu baki.

"Mkono haukutaka kwenda juu," anasimulia. "Ulikuwa mzito kama umeshika ndoo. Kushoto kwangu hakuna anayetazama. Kulia hakuna. Tarakimu nne tu, mama. Vidole vyenyewe vilikwisha kujipanga."

Aliunyanyua.

Rula alikuja, akakaa kwenye kiti kile kile. Aliingiza siku, akaingiza mwezi, mwaka akauacha wazi. Kwenye maelezo aliandika kwamba mstari wa juu yake ni wa tarehe 11 Mei, mwaka wa ishirini na saba. Vitabu vile viliandikwa kwa foleni, anayefika mapema juu, anayefuata chini yake, kwa hiyo babu hakufika kabla ya siku hiyo.

"Na mwisho wake lini?" Mama Mapengo aliuliza.

Mstari wa babu ulikuwa wa mwisho kwenye ukurasa, kwa hiyo Rula alijaribu kufunua. Ukurasa wa mbele ulikuwa umegandana na wenzake, umekuwa kama kipande cha ubao. "Mwisho wake atatuambia fundi wa vitabu," akasema. "Kaendelee na kitabu kingine."

Nyumbani, wifi yake alimpokea mlangoni. Wifi huyu ni dada mkubwa wa marehemu, mwenye kicheko kikubwa na ulimi wa kukwangulia sufuria.

"Hebu nielewe vizuri, wifi. Jina la babu umeliona?"

"Nimeliona."

"Kwa macho haya haya?"

"Haya haya."

"Na mwaka haupo."

"Haupo."

"Na mashine ilikuwa mbele yako."

"Mbele yangu."

"Basi kesho weka ishirini na tano, tupumue."

"Siwezi, wifi. Pale hakuna mwaka. Nikiuandika, nitakuwa nimeuzaa mimi."

"Zaa basi. Mabinti watatu uliwezaje?"

Mama Mapengo alicheka bila kupenda, na wifi naye akacheka, kisha wote wawili wakautazama ukuta na kicheko kikakatika.

"Nilidhani kaka yangu alioa mke," wifi alisema akiingia ndani. "Kumbe alioa ofisi."

Tangu hapo wifi akanuna. Wanawake wawili wanapika jiko moja, na mmoja anamtuma mtoto: "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." Mtoto anageuka hatua moja, anasema, "Mama, shangazi anasema chumvi imekwisha." Naye mama anajibu, "Mwambie shangazi iko nyuma yake."

Kilichowarudisha kwenye maneno ni yaliyompata jirani yao, fundi baiskeli. Huyu alikuwa na bahati kuliko wao. Karatasi ya babu yake ilikuwepo, ndani ya kopo la biskuti, na mihuri yake yote. Ila mwaka ulikuwa umefifia, unauona kwa kuukisia. Mwanawe mkubwa, kwa mapenzi mema kabisa, alichukua kalamu akaupitia juu.

Kamati iliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Mihuri ya zamani, mwandiko wa zamani, wino wa juzi. Wakaiweka kando.

"Mwanangu hakudanganya," fundi baiskeli anasema, mikono imejaa grisi, mnyororo umelala mapajani. "Alikoleza tu. Karatasi ilikuwa inajisemea yenyewe. Sasa ni lazima mimi niisemee, na mimi wakati huo nilikuwa sijazaliwa."

Bado anazunguka maofisini mpaka leo. Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, kama una karatasi ya namna hiyo, mwite mwanao sasa hivi umwambie: iliyofifia iachwe ififie. Inyime maji, inyime jua, inyime na kalamu.

Siku habari ile ilipozagaa mtaani, wifi hakumtuma mtoto. Alichukua chumvi mwenyewe, akaiweka mbele ya Mama Mapengo, akasema, "Wifi, huyo fundi wa vitabu anakula nini? Tumpelekee, afanye haraka."

"Wifi, ni haraka ndiyo hatuitaki."

"Basi tumpelekee ale taratibu."

Fundi wa vitabu ni bwana mpole mwenye kipara na aproni ya turubai. Haongei akiwa kazini, kwa sababu pumzi, anasema, nayo ni upepo. Alikilaza kile kitabu kati ya karatasi za kunyonya maji, akakiwekea uzito, akawa anazibadilisha karatasi kila zinapolowa. Huku nyuma kamati ilikwisha kutangaza kwamba itafika ofisini wiki inayofuata, na ambaye mstari wake hautakuwa na jibu atahesabiwa hana.

Siku ya kufunua, Mama Mapengo hakuruhusiwa kusogea. Alikaa kwenye mashine yake, mgongo umewaelekea, vidole juu ya vitufe bila kubonyeza chochote. Alisikia kisu cha mfupa kikipita, na ukurasa ukibanduka kama gamba la kidonda kilichopona.

Rula alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti: "Mstari unaofuata, tarehe 20 Januari, mwaka wa ishirini na nane."



"Kati ya Mei ile na Januari hii," Rula akaendelea, taratibu kama mwalimu wa watoto wadogo, "kuna Agosti moja tu."

Mama Mapengo alilala kifudifudi juu ya vitufe, na kompyuta yake ikaandika mstari mzima wa herufi moja. Wenzake bado wanamtania kuhusu ukurasa ule. Wanasema ndio pekee aliowahi kuujaza bila kuangalia.

Hata hapo, nafasi ya mwaka haikujazwa. Rula aliandika tarehe zote mbili kwenye maelezo, akatia saini, akaacha pengo lilivyo.

Kamati ilipofika, ilipiga picha ya ukurasa na kuilinganisha na kilichomo ndani ya mashine. Pengo la kitabuni likakutana na pengo la mashine, sawasawa. Mwenyekiti wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alihesabu miezi kwa vidole, akairudia.

"Pengo hamkutuficha," alisema mwishoni. "Kwa hiyo hata meno yaliyobaki tunayaamini."

Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kingetokea nini kama pale pangekuwa na ishirini na tano. Walimjibu kwamba mtu wa ishirini na tano hawezi kusimama kwenye foleni nyuma ya mtu wa ishirini na saba. Wangeuona mwaka uliopachikwa, wangeuweka mstari kando pamoja na karatasi ya fundi baiskeli.

Njia nzima ya kurudi nyumbani wifi alikuwa ameshika mkono wa Mama Mapengo. Alisema kitu kimoja tu: "Mimi mdomo wangu huu, wifi, uwe unanishikia."

Barua ya kutambuliwa ilitoka baada ya wiki kadhaa. Walikwenda kuichukua pamoja, wamevaa kama wanaokwenda kupiga picha. Afisa akaitia saini, akaigonga muhuri, akawakabidhi. Wifi akaikunja kabla wino haujakauka.

"Hebu," Mama Mapengo akasema. Akaikunjua, akaisoma, akairudisha mezani. "Samahani, baba. Nakuomba kidogo."

"Kuna kosa?"

"Hakuna kosa. Umeandika tarehe 9 Juni."

"Ndiyo. Leo ni tarehe 9 Juni."

Wifi alikuwa akimvuta kwa nyuma. "Twende, wifi. Twende kabla hajabadili mawazo."

"Leo tunaijua ni Juni ya lini," Mama Mapengo akasema kwa upole. "Wajukuu wangu hawatajua."

Afisa aliitazama barua, akaanza kucheka kidogo kidogo, akatoa kalamu akaongeza mwaka. "Asante, mama," akasema. Kisha akaangalia rundo la barua alizokwisha kusaini tangu asubuhi, akashusha pumzi, akavuta kiti upya.

Ukimuuliza sasa anamshukuru nani, hajui aanzie wapi. Anamtaja Mungu, anamtaja Rula na kiti chake, fundi wa vitabu na pumzi yake, binti yake na boksi la sabuni. Halafu anamtaja mtu asiyemjua hata jina.

"Yule karani," anasema. "Babu yetu alimwandikia ukingoni kabisa, na unyevu ukala. Lakini siku zile mbili, ya Mei na ya Januari, aliandika kila kitu katikati ya mstari, wazi, mwaka na yote. Labda siku hizo aliamka vizuri. Sijui hata alizikwa wapi. Ningejua ningepafagia."

Vitabu vimebaki vingi, na kabla havijamalizika ana nia ya kumaliza jambo moja la nyumbani. Ameanza kuweka mifuko ya saruji chini ya kitanda, mmoja mmoja. Anataka kupiga lipu ukuta wa mbele, X ile ipotee, na kuweka kizingiti kipya mlangoni.

Kitinda mimba wake ameshajiandalia msumari. Anasema pale X ilipokuwa atachora alama ya vema, kubwa, ionekane mpaka ng'ambo ya barabara, kwa kuwa nyumba yao imepata.

Mama yake amemkubalia, kwa sharti moja. Chini ya vema, saruji ikiwa bado mbichi, aandike siku na aandike mwezi.

"Na mwaka," anasema, akiikausha tena mikono, kidole kimoja kimoja. "Asiinuke hapo kabla hajaandika mwaka."